Mvumo wa Upepo na Mtutumo wa Lami

Miongoni mwa kauli zinazopita midomoni mwa watu bila ya kuulizwa ushahidi wake ni ile isemayo kwamba magari ya kale yalikuwa na makelele na ya sasa ni matulivu. Na katika Shirere, kata iliyo ubavuni mwa mji wa Kakamega, ambako Peugeot iliyoundwa kabla dereva wake hajazaliwa na Toyota iliyotoka Japani juzi hupita barabara moja, huruka matuta yale yale na hutengenezwa na fundi mmoja chini ya mti mmoja, kauli hiyo hurudiwa kwa yakini kubwa na wauzao magari, kwa yakini haba na wayaendeshao, na mafundi huiitikia kwa tabasamu tu. Mafundi wana sababu ya kutabasamu. Utulivu wa gari ni mali inunuliwayo na itunzwayo, ina uzito wake na gharama zake, hupungua siku hata siku pasipo mwenyewe kujua, na thamani yake hubadilika kwa mwendo na kwa barabara; hivyo umri wa gari pekee hautoshi kutwambia nani atasikilizana na abiria wa kiti cha nyuma na nani atalazimika kupaza sauti.

Kelele aisikiayo abiria hutoka katika chemchemi tatu, na asiyezitenganisha hawezi kuhukumu kwa haki baina ya gari na gari. Ya kwanza ni mitambo yenyewe, yaani injini, giaboksi, difu na eksozi. Ya pili ni tairi likanyagapo lami, ambalo sauti yake huingia kwa njia mbili: moja hewani, kupitia sakafu na vioo, na nyingine kwa mtetemo upandao kutoka kwenye rimu, ukapita katika beringi, mikono ya magurudumu na bushi, hata ukaifikia bodi na kuifanya bati yote iseme. Ya tatu ni upepo, au kwa usahihi zaidi ni hewa iliyokuwa imetulia mahali pake mpaka gari lilipokuja kuipasua.

Kila moja ya hizi tatu ina kanuni yake. Mitambo hufuata mizunguko ya injini. Tairi hufuata mwendo pamoja na hulka ya lami. Na upepo hufuata mwendo kwa ukali usio na mfano, maana nguvu ya sauti yake hukua kwa takriban kipeo cha 6 cha mwendo, hata gari likitoka kilomita 50 kwa saa likafika 100, nguvu hiyo huzidi mara 64, jambo ambalo katika mizani ya desibeli ni nyongeza ya 18, ilhali tairi kwa ongezeko lilo hilo huzidisha desibeli baina ya 9 na 12 tu. Tukikumbuka kwamba sikio la mwanadamu huihesabu nyongeza ya desibeli 10 kuwa ni kelele iliyozidi maradufu, tutaelewa kwa nini gari moja huweza kuwa pole ndani ya mji na jeuri katika barabara kuu, na kwa nini upepo, ambao katika mwendo mdogo hujificha chini ya sauti ya tairi, hutoka na kutawala gari likivuka kilomita 100 au 110.

Natija ya hesabu hiyo kwa watu wa Shirere ni ya pekee kidogo. Barabara yao kubwa ni A1, itokayo Kisumu, ikapanda Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, ikalipita jiwe lilialo la Ilesi, ikaingia Kakamega na kuendelea Webuye. Na katika barabara hiyo matatu zimefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa tangu kanuni za waziri John Michuki zilizotangazwa mwaka 2003, mwendo wa mijini ni 50, na palipo na soko pana tuta, na palipo na shule pana matuta mawili. Majarida ya ng'ambo yapimayo utulivu wa magari kwa mwendo wa kilomita 110 au 120 huwapimia watu wa nchi nyingine. Hapa petu upepo hauna fursa ya kutosha kuonyesha ubaya wake, na mtu alalamikaye kwa fundi kwamba gari lake linapiga upepo aghalabu analalamikia matairi bila ya kujua.

Hata hivyo tuanze na upepo, kwa kuwa ndio wenye sifa mbaya zaidi. Waundaji wa motokaa wa miaka ya 1950 na 1960 hawakuwa wajinga wa hewa. Lakini bati lao lilikatwa na kuungwa kwa namna iliyoacha kingo nyingi, na kila ukingo ni mahali pa hewa kuvunjikia. Paa lilizungukwa na mfereji wa mvua, ambao kazi yake ilikuwa njema, maana afunguaye mlango katika mvua ya Kakamega ya saa tisa alasiri hakumwagikiwa maji shingoni. Walakini mfereji huo ulishuka kando ya nguzo ya kioo cha mbele, pale pale ambapo hewa iliyobanwa hukimbia kwa kasi kuliko gari lenyewe, hujisokota ikawa kimbunga chembamba, na kwenda kukigonga kioo cha mlango karibu na sikio la dereva. Vioo vya madirisha vilizama ndani ya fremu zake, vishikio vya milango vilichomoza, vioo vya kutazamia nyuma vilisimamishwa juu ya vijiti, na katika Land Rover, iliyotolewa mwaka 1948 kwa ajili ya mashamba wala si kwa ajili ya mazungumzo, hata bawaba za milango zilikuwa nje na madirisha ya milangoni yalikuwa ya kusukuma katika reli, yenye mwanya wa kupitisha upepo na vumbi kwa usawa.

Inafaa hapa kuondoa dhana moja. Watu husoma kwamba Volkswagen Beetle ilikuwa na kiasi cha ukinzani wa hewa cha karibu 0.48, na Toyota Prius ya mwaka 2003 ina 0.26, wakahitimisha kwamba ya pili hutoa nusu ya kelele ya upepo. Ukinzani ni habari ya petroli. Kelele ni habari ya mahali. Gari laweza kuwa jembamba machoni pa hewa na bado likapiga mbinja kwa sababu ya kitu kidogo mno, mathalan antena. Mwanafizikia Vincenc Strouhal wa Bohemia alikwisha onyesha mwaka 1878 kwamba waya uliosimama katika mkondo wa hewa huimba kwa sauti inayotegemea kasi ya hewa na unene wa waya. Na antena ya unene wa milimita 5, gari likienda kilomita 80, huimba kwa mitetemo kama 890 kwa sekunde, sauti nyembamba ambayo sikio letu huisikia kwa wepesi. Dawa yake ni kuuzungushia waya huo uzi wa msokoto unaouvunja mpangilio wa vimbunga, na ndiyo maana antena fupi za magari ya sasa zina msokoto ambao wengi hudhani ni pambo. Keria ya juu ya paa nayo ni antena nene iliyolazwa. Nimeona watu wakinunua gari tulivu kwa fedha nyingi, kisha kabla ya mwezi kwisha wakalifunga keria ya mabomba ya mviringo kwa ajili ya safari za Krismasi, na ikabaki juu mwaka mzima ikipiga mbinja tupu.

Lakini liko jambo moja ambalo hupitwa kwa haraka katika mijadala hii, nalo kwa rai yangu ndilo kiini cha tofauti ya zama mbili: motokaa ya kale iliendeshwa vioo vikiwa wazi. Haikuwa na kiyoyozi, na hewa ya ndani ilipatikana kwa kushusha kioo au kwa kukigeuza kile kioo kidogo cha pembetatu kilichokuwa mbele ya dirisha la mlango, kama katika Beetle na Kombi, kitu kilichoingiza hewa bila ya kuingiza mvua nyingi, kikamliwaza abiria wa mbele na kikamvumia dereva sikioni kwa sauti moja kutoka Kisumu hadi Webuye. Ford ya Uingereza, ambayo Cortina GT yake ilishinda Safari Rally mwaka 1964 ikiendeshwa na Peter Hughes, iliipa Cortina mwishoni mwa mwaka huo huo mfumo wa kuingiza hewa safi kwa matundu ya dashibodi na kuitoa kwa matundu ya nyuma karibu na paa. Na tangu hapo kioo cha pembetatu kilianza kukosa kazi, kikaondolewa gari baada ya gari, na kwa kuondoka kwake ukaondoka mwanya mmoja mkubwa wa kelele. Kiyoyozi kilipokuja kuenea kilikamilisha kazi hiyo. Raba za kuziba milango na vioo vinene vya magari ya sasa havina maana yoyote dirisha likiwa wazi, na dirisha halifungiki kwa muda mrefu katika nchi zetu pasipo hewa ya kupoza.

Kakamega, kwa mwinuko wake wa mita 1,500 na ushei, haina joto la Mombasa. Upepo wake ni mtamu, na petroli ni ghali. Basi dereva wa hapa huzima kiyoyozi na kushusha kioo, na kwa tendo hilo moja hulirudisha gari lake la kisasa katika mwaka 1965. Tena hulirudisha vibaya, kwa kuwa bodi iliyozibwa barabara, ikifunguliwa dirisha moja tu la nyuma, hugeuka chombo cha kuvuma: hewa iliyomo ndani husukumwa na kuvutwa mara 15 au 20 kwa sekunde, na abiria huhisi pigo zito masikioni ambalo hajui litokako. Motokaa za kale, zilizokuwa zikivuja kila mahali, hazikuwa na maradhi haya kwa kiasi hiki. Dawa ni kufungua dirisha la pili upande wa pili, na hakuna fundi wa kulipwa.

Tuje kwenye lami, ambayo kwetu ndiyo kesi kubwa.

Tairi la zamani la nyuzi za mshazari lilikuwa jembamba na refu la ubavu, na mpira wake laini wa pembeni ulimeza mishtuko midogo. Michelin walipopata hataza ya tairi la radial mwaka 1946 na kuliuza kuanzia 1949, walileta uimara na maisha marefu, lakini mkanda wa chuma uliokuwa chini ya kashata ulikuwa mgumu, ukawa unagonga kila kiungo cha barabara kwa kishindo kifupi ambacho magari ya wakati ule hayakuwa yameandaliwa kukipokea. Na waundaji iliwabidi wazifanye bushi za mikono ya magurudumu kuwa laini zaidi ili kishindo kifie njiani. Peugeot walilifahamu jambo hili mapema kuliko wengi. Ile 404 iliyoshinda Safari mwaka 1963 na kisha mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na 504 iliyoifuata na kushinda 1975 na 1978, zilikuwa na springi ndefu zenye kunyumbuka, viti vinene, na matairi membamba, upana wa milimita 175 kwa 504. Na difu ya 404 ilitumia meno ya mparafujo, ambayo husagana kwa kuteleza na kwa hiyo ni kimya kuliko meno ya kawaida. Aliyepanda saluni ya 504 iliyotunzwa katika barabara mbovu anajua kwamba ule mtutumo mzito wa chini, uchoshao mwili kabla ya kuchosha sikio, ulikuwa mdogo ndani yake kuliko katika magari mengi yaliyozaliwa miaka 30 baadaye.

Nasema saluni kwa makusudi. Watu wa magharibi mwa Kenya waliowahi kuzisafiria Peugeot za abiria, zile za mkia mrefu zenye safu tatu za viti zilizounganisha Nairobi, Nakuru, Kisumu na Kakamega kabla ya Nissan za abiria 14 kuzifukuza, wana ushahidi wa namna nyingine, hususan waliokaa safu ya tatu. Hao walikalishwa juu ya ekseli yenyewe, ndani ya chumba kirefu cha bati kisicho na kizuizi kati yao na magurudumu, na gari la namna hiyo huvuma kama mtungi. Kwa injini ile yenye gia 4 tu, iliyopiga mizunguko zaidi ya 3,000 kwa dakika katika mwendo wa kilomita 100, mahali ambapo saluni ya leo hupiga karibu 2,000, mitambo, lami na upepo viligawana abiria kwa zamu: wa mbele alichukuliwa na injini, wa kati na upepo wa madirisha, wa nyuma na barabara. Gari moja, hukumu tatu.

Matairi ya siku hizi ni bora kwa mambo mengi. Vipande vya kashata yake hukatwa kwa urefu usiolingana, ili kila kimoja kigonge lami kwa wakati wake na mlio mmoja mkali utawanyike ukawa mvumo wa kawaida. Na katika Ulaya, tangu Novemba 2012, kila tairi jipya huuzwa likiwa na cheti cha kelele yake ya nje kwa desibeli. Lakini matairi yamepanuka, na upana ni adui wa utulivu. Vijana wa mjini huondoa rimu ya kiwandani wakaweka pana ya inchi 17 yenye tairi lisilo na ubavu, wakapata sura waliyoitaka, kisha wakaongeza redio ili wasisikie walichokinunua. Fauka ya hayo, matairi mengi yaendayo barabarani hapa ni ya mtumba, yaliyokaushwa na umri, na mpira mkavu hupiga kelele kuliko mpira mpya hata kashata yake ikiwa bado ni ndefu.

Na lami zenyewe hazilingani. Barabara iliyomwagiwa lami ya moto na kutandazwa kokoto juu yake, kama zilivyo nyingi za barabara zetu ndogo, na barabara ya lami iliyochanganywa kiwandani na kushindiliwa ikawa laini, huweza kupishana kwa desibeli 5 na zaidi ndani ya gari lile lile, tofauti ambayo mtu angetumia mamilioni ya shilingi kuinunua kwa kubadilisha gari. A1 ilipojengwa upya katika miaka ya 2010, wenye Probox na wenye Prado walipewa utulivu kwa siku moja na kwa kiasi kimoja, na sijui zawadi nyingine iliyowahi kugawanywa kwa usawa huo katika wilaya zetu. Ukiiacha A1 ukaingia njia za changarawe za ndani, hesabu hubadilika tena: mawe hurushwa katika mabweta ya magurudumu, na hapo gari jipya lina ubora usiopingika, kwa kuwa mabweta yake yamevikwa plastiki au kitambaa kizito, ilhali ya kale yalikuwa bati tupu lililolia kwa kila kokoto.

Je, huo utulivu wa kisasa huundwaje? Kanuni ya kwanza ni uzito: ukuta ukizidishwa uzito maradufu huzuia desibeli 6 zaidi. Ndiyo sababu utulivu ulipatikana kwa matajiri zamani kabla ya kupatikana kwa wengine. Mwaka 1958 tangazo mashuhuri la Rolls-Royce lilijigamba kwamba katika mwendo wa maili 60 kwa saa sauti kubwa kuliko zote garini ni ya saa ya umeme, na gari lenyewe lilikuwa na uzito wa takriban tani mbili. Kanuni ya pili ni kuondoa kingo: Audi 100 ya mwaka 1982 ilivileta nje vioo vya madirisha hata vikalingana na bati, na mifereji ya mvua ikafichwa ndani ya milango. Kanuni ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuziba. Tundu lenye ukubwa wa sehemu 1 katika 100 za mlango huushusha uwezo wa mlango mzima wa kuzuia sauti ukawa desibeli 20, hata mlango huo ungekuwa wa risasi. Toyota walipotoa Lexus LS 400 mwaka 1989, wakiongozwa na mhandisi Ichiro Suzuki, umahiri wao mkubwa ulikuwa katika kuifuata kelele mpaka kwenye chanzo chake, milimita kwa milimita, kabla ya kufikiria kuifunika kwa mablanketi.

Sasa iangalie Probox, gari ambalo Toyota hao hao walilitoa mwaka 2002 kwa ajili ya wachukuzi wa Japani, na ambalo leo ndilo huchukua abiria, ndizi na kuku baina ya Kakamega, Mumias na Shinyalu. Ni la karne hii, injini yake ni ya kisasa, bodi yake haina mfereji wa mvua wa kusumbua. Lakini lilikusudiwa mizigo, na mzigo haulalamiki. Sakafu ni nyembamba, nyuma ni chumba kitupu cha bati, raba ni za kutosha mvua tu. Mweke mtu ndani ya Probox katika kilomita 80, kisha mweke ndani ya Mercedes-Benz ya miaka ya 1970 iliyotunzwa, na hatakuwa na shaka ni lipi kati yake lililotulia. Mpaka baina ya kelele na utulivu umepita katikati ya kila zama, na upande wa kila gari uliamuliwa na mtu aliyepanga gharama zake.

Pana pia habari ya uzee, ambayo huko magari yanakoundwa haina uzito kama huku. Kiwango cha Kenya cha KS 1515:2000 kinakataza kuingizwa kwa gari lililotumika lililopindukia umri wa miaka 8, na wanunuzi wengi huchukua lililo karibu na ukomo huo kwa sababu ya bei. Hivyo gari liitwalo jipya Shirere limekwisha maliza utoto wake Osaka au Yokohama, na litaishi hapa miaka 10 au 15 mingine. Katika muda huo raba za milango hukauka na kulala, mlango uliogongwa hunyooshwa na kurudi na mwanya wa upana wa kucha upande wa juu, kioo cha mbele kilichopasuka hubadilishwa kwa kingine chembamba na gundi isiyotandazwa sawa, bushi za asili hubadilishwa kwa ngumu za bei nafuu, na beringi ya gurudumu huanza kuguna polepole hata dereva akadhani ndivyo gari lilivyozaliwa. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachosimamisha gari barabarani, na kwa hiyo hakuna hata kimoja kinachotengenezwa. Mwenye 504 ya kale ambaye ameiagizia raba mpya za milango, akafunga bushi za asili na matairi membamba mapya, huweza kulipita gari la mwaka 2012 lisilotunzwa kwa utulivu wa mwendo wa kilomita 70, na mimi naliona hili kuwa jambo la kawaida wala si muujiza.

Kinachomdanganya mtu katika kulinganisha ni kwamba sauti hufunikana. Injini ya Beetle, isiyo na maji ya kuipoza wala ya kumeza sauti yake, ilimfunikia dereva kelele nyingine zote, asisikie upepo wala lami, akasema gari lake lina injini kali lakini halina kasoro nyingine. Ondoa injini hiyo, na nyingine mbili zitajitokeza kana kwamba zimezaliwa siku hiyo. Ndivyo inavyowapata wenye magari ya umeme: injini imenyamaza, na mtu anayetoka katika dizeli hushangaa kusikia matairi na nguzo ya kioo, akadhani gari jipya lina upepo mwingi kuliko lile la kwanza, ilhali kipimo huonyesha kinyume. Wapenzi wa magari ya kale, wale wanaoyang'arisha kwa ajili ya Concours d'Elegance ya Nairobi iliyoanza mwaka 1970, au kuyapeleka katika Safari Classic iliyoanza mwaka 2003, hawana haja ya hoja hizi. Kwao mngurumo ni sehemu ya starehe, na mtu hawezi kubishana na starehe.

Wako wengine ambao hawaulizwi, nao ni wakaao kandokando ya barabara. Utulivu wa ndani hauwafaidii wao. Gari likivuka kilomita 40 au 50 kwa saa, sauti ya tairi lake nje huishinda ya injini, na unene wa kioo wala raba ya mlango havipunguzi sauti hiyo hata kidogo; kwa mwenye duka au mwenye darasa lililo karibu na A1, gari la kifahari lenye tairi la milimita 225 lipitapo kwa kasi ni jirani mbaya kuliko 404 lipitapo taratibu. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, hukataza gari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida, lakini mvumo wa matairi ni sauti ya kawaida kabisa. Kwa upande mwingine, mwenda kwa miguu na mwenye bodaboda hutegemea sikio kujua kinachokuja nyuma yake, na gari lililonyamaza kabisa katika mwendo mdogo ni hatari kwake. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulilazimisha aina mpya za magari ya umeme, kuanzia Julai 2019, kutoa sauti ya kutengenezwa zikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Baada ya miaka 100 ya kuinyamazisha motokaa, sheria ikaiamuru iseme.

Kwa atakaye kujua kelele ya gari lake ni ya nani, njia ni nyepesi kuliko mabishano. Na achague kipande cha A1 ambapo lami mpya inakutana na ya kale, apite kwa mwendo usiobadilika: sauti ikibadilika pale pale kwenye mpaka, ni ya tairi, na fedha ziende kwenye matairi na bushi. Isipobadilika, na anunue gamu ya karatasi ya wapaka rangi, aibandike kuzunguka kingo za milango yote isipokuwa wa kwake, kisha arudie njia ile ile: kelele ikishuka, ni ya upepo, na ipo katika raba; na aondoe gamu upande mmoja baada ya mwingine mpaka aupate mlango wenye hatia. Isiposhuka kwa yote mawili, na sauti ikafuata kupanda na kushuka kwa injini, basi ni eksozi au mikono ya injini. Iwapo inafuata mwendo wa gari, tena ikazidi gari likikata kona upande mmoja na kupungua upande wa pili, ni beringi ya gurudumu, na hiyo haifai kusubiri mwisho wa mwezi.